Nusu Ukurasa

Baton Rouge, Agosti. Inspekta kaingia bila hodi,
kalamu sikioni. "Leseni iko wapi?"
Astou hakuinua macho. Kichwa cha Jerrika kilikuwa nusu:
kushoto njia kumi na moja,
kulia kichaka.

Faini ikala mapato ya wiki tatu.

Basi akaenda chuo, yeye aliyesuka
tangu hajang'oka meno ya utoto.
Wakamfundisha kupaka rangi, kupinda kope,
kukata nywele za kichwa cha plastiki, nyekundu,
zilizonyooka kama katani.
Saa elfu na ushei. Ada yake, bei ya gari.
Kitabu kurasa mia saba; kusuka, nusu ukurasa,
na hata hiyo picha
imesukwa na mtu mwenye haraka.

Jioni ya mtihani, mwalimu, Bi Thibodeaux, alimvuta kando,
akafunga mlango,
akavua wigi.
"Binti yangu anaolewa Jumamosi. Unatoza ngapi?"

Astou akapitisha kidole utosini,
polepole, hadi kisogoni.
Akataja bei ya watu wote,
kisha akaongeza dola arobaini.
"Hizo," akasema, "za ule ukurasa."