Hili Halizimwi

Wamenilipa nusu. Nusu nyingine nikimaliza.
Dakika nne, wamesema, zisizidi,
waumini wa kule kwao hawana subira na viti.

Usiku, Tandika. Luku imebaki uniti sita.
Jirani anakaanga mihogo,
moshi wake unakuja kutazama kazi yangu.

Faili la kwanza: geti la zahanati, Chamazi.
Jua limelamba bango
hadi MAMA NA MTOTO imebaki MA NA MTO.
Hii niliipiga kabla basi lao halijafika.
Naipenda. Najua wataikata.

Faili la saba: wageni wanashuka,
kumi na wanne, fulana za bluu,
mgongoni mstari wa Isaya,
mikononi maboksi ya glovu na miwani ya kusomea.
Nesi Tuponile anawapokea kwa mikono miwili,
halafu anarudi kwenye vidonge vyake,
anavisogeza kwa kisu cha plastiki,
tano, tano, tano,
asije akapoteza hesabu kwa sababu ya ugeni.

Faili la kumi na moja.
Mratibu wao, kijana mpole, pua imeshaungua kwa jua,
anasema kupitia kinywa cha Mzee Mwakibinga:
mama huyu aingie tena.
Polepole. Na asicheke.

Mama huyu ni Bi Zamoyoni, amekuja kupima presha.
Alicheka kwa sababu kuna mtoto
alijivisha kipimo cha daktari shingoni
akatembea nacho kama bibi harusi.
Akatoka. Akaingia. Akatoka tena.
Mara ya tatu akaninong'oneza pale mlangoni:
"Mwanangu, kwani leo naumwa nini?"

Faili la kumi na mbili limetikisika lote.
Ni mimi. Nilikuwa nacheka.

Kisha ikaja habari ya sauti.
Kuna kitu kinanguruma, wakasema.
Wakazima feni.
Benchi zima likaanza kujipepea kwa kadi za kliniki.
Bado kinanguruma.
Mzee Mwakibinga akaufuata mlio kwa sikio, hatua kwa hatua,
hadi chumba cha sindano,
hadi kwenye friji jeupe, mlango umefungwa kwa mpira wa baiskeli,
na ndani yake surua, pepopunda, kifaduro,
chanjo za watoto wa Jumanne.
Mkono ukaenda kwenye swichi.

Nesi Tuponile hakupaza sauti.
Aliweka mkono wake juu ya mkono wa mzee,
kama anayempima homa.
"Hili halizimwi."
Dakika tano tu, dada.
"Hata moja."

Nitasema haki: kijana alipotafsiriwa
aliona aibu hadi masikioni,
na feni aliiwasha yeye mwenyewe.

Lakini leo ameniandikia:
tafadhali ondoa ule mlio, weka piano.
Si kazi kubwa. Unauchagua, unauvuta, unaufuta.
Nimejaribu.
Zahanati ikanyamaza kama chumba kilichohamwa,
kama vile kabla ya basi
hapakuwa na mtu aliyewahi kuamka alfajiri akafungua lile geti.
Na sauti ya nesi ni nzito, inakaa mule mule chini.
Kichujio kilipolichukua friji
kilimchukua na yeye.
Akabaki midomo tu, inafunguka, inafumba,
na piano inamlilia.

Nimerudisha.
Piano nimeishusha
mpaka imekuwa kama mtu anayebisha hodi nyumba ya tatu.
Friji linanguruma chini ya sala,
chini ya ushuhuda, chini ya picha ya pamoja,
chini ya Bi Zamoyoni anayeingia mara ya kwanza,
ile ya kicheko.

Dakika nne na sekunde tisa.
Uniti mbili. Mihogo imeiva.
Ile nusu sijui kama itakuja.
Natuma.