Dosie ya Kaporali Rugenda

Mama hajui Kifaransa, kwa hiyo dosie naibeba mimi,
ndani ya mfuko wa plastiki uliokuwa na sukari,
maana mvua ya Bukavu haiulizi mtu anakwenda wapi.
Kuna picha nne ndogo, nyuma nyekundu, kama walivyotaka.
Kuna cheti cha ndoa, kimekunjwa hadi jina la padri limekatika,
na chini yake dole gumba la Baba,
la bluu, limevuka mstari.
Namba yake ya jeshi hatukuiandika popote.
Mama anaijua, tarakimu kumi,
anaitaja upesi kuliko siku zetu za kuzaliwa.

Mwaka wa kwanza walisema: leteni cheti cha kifo.
Hospitali ikasema hakufia kwetu.
Tukaenda kwenye kikosi chake; kikosi kilishahamishwa.
Ndipo Sajini Mulumeoderhwa akatutumia barua, kwa penseli:
*Nilimzika mimi. Blanketi lilikuwa langu.
Palikuwa na mgomba. Mvua ilinyesha.*
Karani akaisoma mara mbili,
akauliza: huo mgomba una anwani?

Mwaka wa pili: leteni cheti cha uhai, cha mjane.
Mama alikuwa amesimama mbele yake,
amepanda kutoka Kadutu kwa miguu,
anahema, anakohoa, matope hadi kwenye ugoko,
na karani, bila kuinua macho, akasema
hakuna kinachoonyesha kwamba mama huyu anaishi.
Tulilipa dola tano.
Mama akawa hai mpaka Desemba.

Leo dirishani kuna kijana mgeni.
Ana kompyuta, ana kucha safi, anamwita Mama "Mama."
Akaandika namba jinsi alivyotajiwa,
akangoja, akakuna shingo,
akatabasamu kama mtu aliyeokota funguo zako:

"Mbona mnaweka matanga ya mzima?
Kaporali Rugenda yuko kazini.
Mshahara wa mwezi jana kapokea. Huu hapa,
amesaini."

Benchi zima likanyamaza.
Nilimtazama Mama, nikajiandaa kumdaka.

Mama akavuta kiti ambacho hakukaribishwa.

"Basi kama anapita hapa," alisema, "mpe salamu.
Mwambie bati la upande wa jikoni limeng'oka.
Mwambie Ciza amerudishwa shuleni mara tatu,
kwa minervali, si kwa utundu.
Mwambie mama yake alizikwa mwezi wa nne;
tulimngoja siku mbili, kisha tukashindwa na joto.
Sajini naye anataka blanketi lake.
Halafu mwulize jambo moja,
lakini taratibu, ni mtu wa aibu:
miaka kumi na minne nimeishi naye anaweka dole.
Huko aliko,
nani kamfundisha kuandika?"

Kijana akaugeuza uso wa kompyuta ukutani,
kama mtu anayemfunika mtoto asione.
Akanong'ona: rudini mwezi ujao.
Mwanamke mmoja wa benchini, sikumjua,
akaanza kutaja namba, polepole,
tarakimu kwa tarakimu,
na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Tukashuka. Utelezi ulikuwa mbaya.
Mama alinishika bega, mimi nikaushika mfuko,
hatukusema kitu mpaka sokoni.

"Wanalipa tarehe ngapi?"
"Ishirini na tano, Mama."
"Tutawahi. Saa kumi na mbili asubuhi tuwe mlangoni.
Nataka nimwone."

Usiku huo alikaa na beseni kati ya miguu,
akichambua sambaza wakavu wa kuuza kesho.
Wale wakubwa, wenye vichwa visivyovunjika,
aliwatoa mmoja mmoja, akawafunga kwenye gazeti.
"Hao wa nani?" Ciza aliuliza.

"Mtu anayefanya kazi mwaka wa tatu bila kurudi kwake,"
alisema, bila kucheka,
"atakuwa na njaa."