Hodi Tatu

Diski ilikuja na meli ya Jumamosi
ndani ya boksi la maziwa ya unga,
imeviringwa kanzu ya shemeji yangu Mbarouk
isije ikachunika.
Halisi. Ina stika ya fedha inayogeuka rangi ukiipindua,
na risiti ya Maskati, riali kumi na nne,
niliyoibandika ukutani juu ya televisheni
ili kila mtoto wa Mtemani aione:
humu hamchezwi cha wizi.

Maana mwaka jana mke wangu aliniuliza swali moja tu,
anatunga uzi kwenye sindano, wala hakuniangalia:
"Hizo mia mbili mia mbili za watoto,
unazipata kwa gemu ya nani?"
Usiku ule nilikula wali kama nala mchanga.

Basi. Nikaiingiza.
Kompyuta ikakoroma, ikameza,
ikatoa uso mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa Shaabani
na neno moja katikati: AMILISHA.

Herufi ishirini na tano.
Nyengine nilizisoma kwa miwani ya mama mkwe.
Hii ni sifuri au O? Hii nane au B?
Nikanunua bando la elfu moja,
nikaiweka simu dirisha la kusini
ambako mtandao hupita ukipenda,
kama paka wa jirani.

Ni hodi ile, si jengine.
Unabisha kwa mtu asiyekujua,
katika mji usioujua jina,
akufungulie chumba kilichomo nyumbani kwako.

Hodi ya kwanza: kiduara kikazunguka, kikazunguka,
umeme ukakatika.

Hodi ya pili: Namba hii imeshatumika.
Imetumika na nani? Na mimi! Sasa hivi!
Niligombana na kioo,
watoto sita mkekani wananitazama
kama wanaotaka kumwita mtu.

Hodi ya tatu nilingoja baada ya Isha.
Nikapiga bismillahi, nikabonyeza taratibu
kama anayefunika mtoto aliyelala.
Seva haipatikani.
Huduma ya gemu hii imefungwa tangu Machi.
Ahsante kwa kucheza.

Kwa kucheza!

Chuoni tulifunzwa: ukibisha mara tatu
usijibiwe, rudi ulikotoka, usinung'unike.
Nirudi wapi? Niko sebuleni kwangu,
nimevaa shuka, chai yangu inapoa.
Mcheza kwao hutunzwa, walisema wa kale;
hawakusema kwao patawekwa bawabu
anayekaa ng'ambo,
naye keshaacha kazi,
kaondoka na ufunguo mfukoni.

Asubuhi akaja Shaame wa darasa la sita,
flashi kaifunga mpira wa nywele wa dada yake.
"Ami Asaa, hii haina maneno mengi."
Gemu ile ile. Magari yale yale, barabara ile ile ya theluji
ambayo hapa Wete hakuna aliyewahi kuikanyaga.
Ikafunguka kabla sijakaa.
Mwizi hakupiga hodi, kapita dirishani,
na dirishani hapakuwa na komeo.
Makomeo yote yalitiwa kwenye mlango wangu mimi,
mwenye risiti.

Mke wangu akainuka na kitambaa begani,
akaisoma ile karatasi ukutani, akarudia tena.
"Inasema umelipa," akasema.
"Haisemi umenunua nini."

Diski kaichukua yeye. Iko kwenye mpunga wake Ole,
inaning'inia kwa kamba, inameta,
ndege wanaiogopa.

Watoto wanacheza ile ya Shaame.
Mia mbili zao sijazila hata moja,
nazitia kwenye kopo lile la maziwa ya unga.
Limekaribia kujaa.
Nimeandika juu yake jina la kampuni kwa kalamu nyekundu,
na kila nikilisogeza linalia,
ngo, ngo, ngo,
wala sijui mlango uko upande gani.