Kilo Thelathini na Nane

Washairi wana mizani yao, huhesabu silabi.
Yangu ni ya chuma, hubebwa na watu wawili,
na mawe yake kumi ya kilo ishirini
niliyafuta miaka mitatu kwa kitambaa cha flana
bila kuyapenda.

Sikuomba kazi hii. Nilisoma fizikia
nikiota maabara yenye kiyoyozi, nikapangiwa Mbeya:
bandika stika kwenye pampu ya mafuta,
kagua mizani ya muuza nyama Mwanjelwa,
gonga muhuri, rudi nyumbani, hesabu siku.
Chuoni mwalimu alituonya
tusishike jiwe dogo la shaba kwa mkono mtupu:
jasho la kiganja lina uzito.
Nilicheka. Nani Uyole atajali jasho?

Jumanne moja ya Juni nilikuwa Isongole,
ukungu umelala barabarani
kama ng'ombe asiyetaka kuhama,
na mfukoni mwa koti barua yangu ya uhamisho
imekunjwa mara nne, imebaki sahihi tu.

Fuso limeegeshwa. Kando yake magunia tisa ya viazi,
kila moja limevikwa kilemba cha kamba.
Lumbesa. Tunaijua, tunaipiga faini,
kesho yake inapita njia ya panya.
Mwenye viazi, Bi Tupokigwe, hakuniita afisa.
"Wewe mwenye chuma," alisema, "nipimie moja tu.
Nimelima tangu nina meno yote, sijawahi kujua."

Tulilipandisha. Mkono wa mizani ukatetemeka, ukatulia.
Mia moja thelathini na nane.
Dalali akatazama matairi.
Yeye alilipa gunia, na gunia, kwake, ni mia.

Nilingoja matusi. Mama akachutama,
akaokota kijiti, akaanza kuzidisha ardhini,
kwenye udongo mweusi wa Rungwe
unaoshika maandishi kuliko ubao.
Thelathini na nane mara tisa.
"Gunia tatu na ushee," akasema,
"kila safari zimepanda gari bila nauli."
Kisha kijiti kikamwelekea mpakizi mmoja,
kijana, shingo imepinda chini ya mzigo.
"Gwamaka huyu. Aliacha shule kidato cha pili.
Ada ilipungua kidogo tu."

Manyunyu yakaanza. Tarakimu zikavimba.
"Ziandike," akaniambia, "mimi zitanipotea."
Nikapapasa mifuko.
Hapakuwa na karatasi nyingine.

Sitasema lumbesa imekwisha.
Wiki ile ile gari lilipita usiku, taa zimezimwa,
na dalali naye ana mkopo, nimeona risiti zake.
Lakini siku hizi naamka kabla ya jogoo wa jirani,
navaa glovu kushika jiwe la gramu tano,
nalifuta, nalipuliza,
mke wangu anauliza nani kaniroga.
Jasho lina uzito, namjibu. Anadhani natania.

Barua bado ninayo, ndani ya daftari la ukaguzi.
Upande mmoja: Yah: Ombi la Uhamisho.
Upande wa pili, mwandiko wa haraka, wino umelowa:
38 × 9,
chini yake jina la kijana,
na ile ndaga fijo aliyoniambia mama yake
kabla sijafanya lolote.