Fimbo ya Bulongwa

Ilikatwa Kitulo, jalidi ikiwa bado nyeupe,
na Tweve, mchawi aliyeiita radi
kama mtu anavyomwita mbwa wake.
Ilimtii miaka tisa.

Mbilinyi akampokonya kilabuni,
kwa ulanzi na mwereka mmoja.
Asubuhi ikamtii Mbilinyi,
Tweve haikumuaga.

Mwanawe Mbilinyi aliirithi tu.
Kurithi si kushinda:
alipoiinua, radi ilimpiga yeye.

Mjane, Enesia, aliikuta kwenye majani mabichi.
Hakulia mbele yake.
Aliikata kwa panga, vipande viwili:
kimoja mwiko,
kimoja komeo la zizi.

Sasa ukungu ukishuka Bulongwa
radi husimama nje,
inakohoa,
inabisha hodi.

Naye, kutoka jikoni:
"Ngoja. Ugali haujaiva."