Jino la Thelathini na Nne

Gari la Haflidi limepanda jeki tangu asubuhi,
bluu iliyochujuka, matope ya Skagafjordur
yamegandamana tumboni mwake kama ukoko wa sufuria.
Theluji inapiga bati la karakana.
Mimi, Asgerdur, niko chini, tochi mdomoni.
Yeye amekalia ndoo, kahawa inapoa mkononi.

Ni hivi: kabla ya baridi alivua tairi za inchi thelathini na moja
akalivisha za thelathini na nane, nene kama magodoro,
lipate kuelea juu ya theluji.
Gia za ekseli hakuzigusa. Pesa zilimwishia kwenye tairi.
Tairi kubwa huzunguka mara chache na kufika mbali,
na spidomita, maskini, haina macho ya kuona njia,
yenyewe hujua kuhesabu mizunguko, basi.
Ikawa inasoma tisini, naye yuko mia na kumi.

Polisi alimsimamisha karibu na Varmahlid.
Alilipa faini bila kubisha,
kisha akaendelea kukimbia na uongo uleule,
kwani Sigurlaug alikuwa Akureyri, wodi ya tatu,
na saa za kuwaona wagonjwa hazimngoji mtu.

Mwezi huu ndipo alipoleta gia.
Nne nukta nane nane, badala ya nne nukta moja.
Nilizifunga mbele na nyuma; mafuta ya difu bado yamo kuchani.
Injini sasa inapumua.
Gia mpya huuharakisha mshale, tairi kubwa huuchelewesha,
makosa mawili yanavutana
kama watu wawili wanaoteremsha kabati ngazini,
na nusura yawe ukweli.
Nusura. Mia ya kweli inasomwa tisini na saba.

“Acha basi,” anasema. “Tatu ni nini?”

Siachi. Nachomoa kebo, natoa kigia cha plastiki,
chekundu, kidogo kama kizibo.
Nayahesabu meno kwa ukucha: thelathini na manne.
Ndani ya kopo la biskuti namtafuta mwenzake
mwenye thelathini na matatu.
Tani mbili za chuma, tairi, faini, baridi nzima,
na yote yamening'inia kwenye jino moja.

Hapo anauliza lile lililomleta.
“Na zile kilomita?”

Nakuona kutoka chini ni kuona viatu tu, Haflidi.
Viatu vyako havitulii.

Tangu tairi hadi gia, kihesabio kimeandika elfu tano.
Nachukua chaki, nazidisha ubavuni mwa tairi:
elfu sita, mia moja na thelathini.
Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi.
Hii ilifupishwa kilomita elfu moja, mia moja na thelathini,
zote za kwenda Akureyri na kurudi,
pamoja na ile safari ya mwisho ya kurudi,
kiti cha kando kimebeba mkoba,
kitana, viatu vya ndani.

“Unaweza kuzirudisha?”
Siwezi. Namba zile husogezwa na mwendo tu.
Anainywa kahawa, baridi hivyo hivyo.

Mchana theluji inakatika. Tunaingia barabara kuu,
yeye usukanini, mimi na saa ya kubonyeza.
Vigingi vya njano, kila mita hamsini kimoja.
Mshale uko tisini. Nahesabu nafasi ishirini.
Sekunde arobaini.
Tunarudia. Arobaini na chembe.
“Haidanganyi tena,” nasema.

Hajibu. Barabara ni kavu, nyeupe kingoni tu,
lakini anapunguza: themanini, sabini,
na mshale unamfuata kwa adabu, tarakimu kwa tarakimu.
Nyuma yetu lori linawasha taa, linatupita.
Simuulizi kitu.

Mlangoni pa karakana nainama kuangalia nati.
Chaki imefutika kwa maji ya barabara.
Imebaki sifuri moja, na mkia wa tatu.