Inchi Arobaini na Tisa

Ngazi zile nilizijenga mimi.
Mwaka ule nilikuwa na meno yote,
mfuko wa simenti niliubeba kwa pumzi moja,
na ukumbi wa sanaa ulitaka kuonekana tangu stesheni ya reli,
uinuke juu ya vumbi la Nakuru,
mtu aupande kama aliyeitwa kwa jina.
Vidato saba. Kila kidato inchi saba.
Ubavuni mwa cha mwisho nikachora NABISWA
kwa ncha ya msumari, simenti ikiwa mbichi.

Miaka ishirini na sita nimepita hapo kurekebisha viti,
sikuwahi kumhesabu aliyebaki chini.
Fundi huhesabu kilichosimama.

Hadi Jumanne ile ya majaribio.
Walikuwa wanatafuta malkia wa mchezo mpya.
Jerotich akaja kutoka Kaptembwo na kiti chake cha magurudumu,
spoki moja imefungwa kwa waya wa ua.
Wavulana wanne wakamwinua,
wapole, wenye nia njema,
moja, mbili, tatu, pole dada,
mmoja akamshika pasiposhikwa mtu kabla ya salamu.
Alifika juu sketi imempinda.
Akainyoosha.
Akasema maneno ya malkia,
na mabati yakasahau upepo.

Tulipiga makofi. Akangoja tumalize.
"Malkia gani huingizwa kama kochi?
Kubebwa si kuingia."

Alinitazama mimi, mwenye nyundo,
wala hakujua jina langu liko wapi.

Nikatoa penseli sikioni.
Sheria ya mteremko haina huruma, ni kama deni la duka:
kila inchi ya kupanda hudai futi ya kwenda.
Inchi arobaini na tisa,
futi arobaini na tisa.
Nikavuta utepe kutoka mlangoni,
ukapita maua, ukapita mlingoti wa bendera,
ukaishia katikati ya gari la mwenyekiti.

Bodi ilikaa. Chai ililetwa mara mbili.
Mmoja akasema, lakini ni mtu mmoja tu.
Mwingine, tumngoje mfadhili.
Wa tatu akauliza kama mchezo hauwezi kuwa wa redio.
Ndipo Atamba wa taa, kiziwi tangu surua ya utotoni,
akapiga meza kwa kiganja, tukageuka,
na mikono yake ikaanza kusema.
Mkalimani, ambaye miaka yote tulimsimamisha gizani
kando ya pazia, safari hii yuko kwenye mwanga:
"Mmoja ndiye mliyemwona.
Waliozisoma ngazi wakiwa barabarani, wakageuza,
hawakuwaandikia barua."

Mwenyekiti akaenda dirishani kulitazama gari lake.
Sijui aliona nini.
Ana goti, hulipapasa mkutano ukirefuka.
Akasema, "Chimbeni."

Tulichimba wiki tatu, na mvua mbili zikatubomolea.

Wa kwanza kuupanda hakuwa Jerotich.
Alikuwa kijana wa mkokoteni na spika mbili kubwa,
aliyezoea kuzipandisha kwa matusi;
alifika juu akakosa la kusema.
Kisha mama wa pacha.
Kisha bibi mmoja wa Bondeni na mkongojo wake,
ambaye michezo yote ya mjukuu aliisikilizia dirishani.
Kisha, usiku wa ufunguzi, mwenyekiti,
akijifanya anakagua.

Jerotich alikuja saa kumi na mbili jioni, peke yake,
viganja kwenye gurudumu, bila haraka.
Futi arobaini na tisa.
Sote tulisimama mlangoni tukingoja,
na ni haki malkia angojwe.

Kwenye mteremko sikuandika jina.
Simenti ilikauka nikiwa bado nafikiri.

Alipofika juu alinishika mkono wenye vumbi.
"Fundi, umenyooka," akasema.
"Sasa twende chooni.
Kina kidato."

Nikatoa penseli sikioni.